Mabao Si Kipimo Pekee cha Mchezaji

 Najua kurasa za jarida letu zimezoea makala kuhusu dawa za kulevya, utunzaji wa mazingira na wale wanaokiharibu Kiswahili kwa Sheng. Mada hizo ni nzuri, wala sizikejeli. Lakini mwaka huu naomba ruhusa yenu tuteleze kidogo juu ya barafu. Nataka kuzungumzia mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu, yaani mpira wa magongo wa barafuni, na hasa jinsi wenzetu wa Kanada na Marekani walivyojifunza kumpima mchezaji kwa hesabu. Usicheke, msomaji. Kabla hujafungua ukurasa wa vichekesho nipe dakika chache, kwa maana jambo lenyewe linatuhusu hapa hapa shuleni.

Lilianza hivi. Muhula wa kwanza timu yetu ya wasichana ya magongo ilicheza mechi nne za kujipima nguvu kabla ya mashindano ya kaunti. Mimi sikucheza. Nilikuwa nimeteguka kifundo cha mguu, nikakabidhiwa daftari na kalamu nikae kando ya uwanja niandike mabao. Sasa kazi ya kuandika mabao, bwana, haina shughuli. Mechi nzima unaandika mara mbili au tatu, halafu unabaki kufukuza nzi. Kwa kuchoshwa na uvivu huo nikaanza kuandika kila kitu: kila mkwaju uliopigwa, wetu na wao, na wachezaji waliokuwa uwanjani wakati huo. Wanaojua magongo wanajua kwamba mchezo huu si kama kandanda. Mchezaji anaweza kutoka, akapumzika, kisha akarudi tena na tena.

Tuna mlinzi mmoja ambaye hapa nitamwita Ukuta, maana ndilo jina tulilombandika bwenini. Ukuta hajafunga bao hata moja tangu ajiunge na shule hii. Hata pasi za mabao hana. Orodha ya wasafiri ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, jina lake halikuwamo. Nafasi yake ilichukuliwa na msichana wa kidato cha pili aliyekuwa amefunga mabao mawili katika mechi moja. Ukuta hakusema neno. Alikunja jezi yake, akamrudishia nahodha, akaenda zake maktaba. Usiku huo, baada ya taa kuzimwa, nilimsikia akilia ndani ya blanketi.

Nikalifungua daftari langu. Katika mechi zile nne Ukuta alikuwa uwanjani takriban nusu ya muda. Katika nusu hiyo wapinzani walitupigia mikwaju 11. Katika nusu nyingine, yeye akiwa benchi, walitupigia mikwaju 26. Lo! Nilihisi kama mtu aliyeokota lulu jaani. Asubuhi nikampelekea mwalimu wetu wa michezo daftari lile huku kifua kimenituna. Mwalimu akalitazama, akatabasamu, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hesabu zako ni nzuri, lakini zina maswali. Alipokuwa uwanjani, alikuwa akicheza pamoja na nani? Na dhidi ya nani?" Nikabaki nimekodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Sikuwa na jibu. Timu ikaenda kaunti bila Ukuta.

Likizo ilipofika nilimsimulia mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye anaishi Toronto na hutupigia simu kila Jumapili. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Maswali hayo ya mwalimu wako, mama," akaniambia, "huku yamegombaniwa miaka na mikaka. Tena yametutoa machozi." Tangu siku hiyo nikaanza kuusoma mchezo wa wenzetu, na niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwagawia leo.

Kwanza niwaeleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Kila upande huwa na wachezaji watano na mlinda lango mmoja. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini, na badala ya mpira wa duara hugombania kisahani cheusi kilichotengenezwa kwa mpira mgumu. Mechi ni dakika 60 zilizogawanywa mara tatu. Mchezo ni wa kasi ajabu, kiasi kwamba mchezaji hukaa barafuni kwa zamu ya chini ya dakika moja, anatoka akihema, mwingine anaruka ndani. Msidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli moja kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, na humo ndimo ilimokulia timu yetu ya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada, wakacheza bega kwa bega na manyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Kwa hivyo barafu si ngeni kwetu kama tunavyofikiri.

Turudi kwenye hesabu. Katika ligi kuu ya huko, iitwayo NHL, mchezaji alipimwa kwa muda mrefu kwa mabao na pasi za mabao. Kwa kipimo hicho hakuna aliyemfikia Wayne Gretzky, ambaye katika msimu wa 1985-86 alipata pointi 215, yaani mabao 52 na pasi za mabao 163. Mtu kama huyo hahitaji daftari la mtu yeyote. Hata kipofu angemchagua. Lakini timu haina Gretzky ishirini. Ina wengine wengi ambao kazi yao ni kuzuia, kunyang'anya na kuutoa mchezo langoni mwao. Hao utawapimaje?

Jibu la kwanza walilolipata lilikuwa kipimo ninachoweza kukiita chanya na hasi. NHL ilianza kukiweka rasmi msimu wa 1967-68. Timu yako ikifunga ukiwa barafuni, unaandikiwa moja ya chanya. Ikifungwa ukiwa barafuni, unaandikiwa moja ya hasi. Mabao yanayofungwa na timu iliyo na wachezaji wengi kwa sababu mpinzani ametolewa nje kwa adhabu hayahesabiwi. Mlinzi mashuhuri Bobby Orr wa Boston alipata chanya 124 katika msimu wa 1970-71, na hadi leo rekodi hiyo haijavunjwa. Ukikitazama kijuujuu, kipimo hiki ni cha haki kabisa. Hata asiyefunga anapata sifa.

Kumbe kina kasoro kubwa. Tuseme wewe ni beki hodari, lakini mlinda lango wenu ni kama tenga, halizuii maji. Kila mkwaju ukipigwa unaingia. Utarundikiwa hasi hadi ukonde, na kosa si lako. Au tuseme wewe ni mvivu, lakini unacheza zamu moja na Orr. Utavuna chanya usizozipanda! Isitoshe, mabao ni machache. Timu ya NHL kwa wastani hufunga kama matatu kwa mechi. Kitu kinachotokea mara chache hivyo hutawaliwa sana na bahati. Rusha sarafu mara nne, inaweza kutua kichwa zote nne. Je, utasema sarafu hiyo ina kipaji?

Hapo ndipo walipozinduka wakaanza kuhesabu mikwaju badala ya mabao, kwa kuwa mikwaju ni mingi. Jim Corsi alikuwa kocha wa walinda lango wa timu ya Buffalo Sabres. Alitaka kujua kazi halisi anayoifanya kipa, akaona kwamba kuhesabu mikwaju inayomfikia tu hakutoshi. Hata mkwaju unaopita nje ya lango, au unaozuiwa njiani na beki, humlazimu kipa ajikunje, ajipange na kushika pumzi. Basi yeye akaihesabu yote. Baadaye, katika miaka ya 2000, shabiki mmoja mpenda hesabu aitwaye Tim Barnes akatumia hesabu ya namna hiyo kuzipima timu na wachezaji, akaipa jina la Corsi. Inasimuliwa kwamba alilichagua jina hilo kwa kuwa alipendezwa na masharubu ya kocha huyo! Shabiki mwingine, Matt Fenwick, akapendekeza mikwaju iliyozuiwa iachwe nje, na hesabu hiyo nayo ikaitwa kwa jina lake. Walioanzisha mambo haya hawakuwa makocha wakuu wala matajiri wenye timu. Walikuwa mashabiki na madaftari yao, kama mimi na wewe.

Hesabu yenyewe mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Chukua mikwaju yote iliyopigwa na timu yako wakati mchezaji fulani yuko barafuni, gawanya kwa jumla ya mikwaju ya timu zote mbili katika muda huo, kisha zidisha kwa mia. Kama timu yako ilipiga 20 na wapinzani 15, unagawanya 20 kwa 35, unapata asilimia 57. Ikizidi 50, maana yake akiwapo yeye mchezo unachezwa zaidi upande wa wapinzani. Ikipungua, mnakaa mkijitetea. Ni rahisi hivyo.

Sasa nifike kwenye machozi ya mjomba. Timu yake ni Toronto Maple Leafs. Mwaka 2013 timu hiyo iliingia katika mechi za mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2004, ikakutana na Boston. Katika mechi ya saba na ya mwisho Toronto walikuwa mbele 4-1 katika kipindi cha tatu. Mjomba ananiambia walikuwa wameanza kuimba. Boston wakarudisha yote, wakashinda 5-4 katika muda wa ziada. Haidhuru, wakubwa wa timu walisema, tumekaribia, tuongeze nguvu kidogo tu. Julai mwaka huo, katika wiki moja, walifanya mambo mawili. Walimlipa fidia Mikhail Grabovski ili kuuvunja mkataba wake aondoke, na wakamleta David Clarkson kwa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 36.75.

Kwa nini? Clarkson alikuwa amefunga mabao 30 msimu wa 2011-12, ni mpiganaji, tena ni mzaliwa wa Toronto. Grabovski alikuwa na mabao 9 tu katika msimu mfupi uliokuwa umekwisha. Ukiyatazama mabao, uamuzi ni wa wazi. Lakini wale watu wa madaftari walipiga kelele. Walisema Grabovski alikuwa akipewa kazi ngumu ya kuanzia mchezo karibu na lango lake na kukabana na washambulizi wakali, ndiyo maana mabao yake yalikuwa machache. Walisema pia kwamba ule msimu wa mabao 30 wa Clarkson haukufanana na misimu yake mingine. Tena wakaonya kwamba timu nzima ya Toronto ilikuwa ikipigiwa mikwaju mingi mno, na kwamba ushindi wake ulikuwa umejengwa juu ya mchanga. Wakubwa hawakusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe.

Msimu wa 2013-14 Clarkson alifunga mabao 5 katika mechi 60. Grabovski huko Washington alipata pointi 35 katika mechi 58. Toronto wakapigiwa mikwaju karibu 36 ya kulenga lango kwa kila mechi, mingi kuliko timu nyingine yoyote ya ligi. Kwa miezi kadhaa walinda lango wao waliwaokoa. Kisha bahati ikachoka. Katika mechi 14 za mwisho walishindwa 12, wakaikosa mitoano. Julai 2014 timu hiyo hiyo ikamwajiri Kyle Dubas, kijana wa miaka 28 aliyejulikana kwa kuziamini takwimu, awe msaidizi wa meneja mkuu. Majira hayo timu kadhaa za ligi ziliwatafuta wapenda hesabu walewale waliokuwa wakidharauliwa, na mwaka 2015 NHL yenyewe ikaanza kuchapisha hesabu hizi kwa mashabiki wote. Mjomba husema, "Tulilia kwanza, halafu tukahesabu." Ingekuwa heri kuhesabu kwanza.

Lakini bahati inapimwaje? Nalo hili wamelipatia njia. Wanachukua asilimia ya mikwaju ya timu inayoingia langoni, wanaijumlisha na asilimia ya mikwaju ya wapinzani inayookolewa na kipa wao. Kipimo hiki hukiita PDO. Ukiichukua ligi nzima jumla lazima iwe 100, kwa sababu kila mkwaju uliolenga lango ama umeingia ama umeokolewa. Timu ikiwa na 103, kwa mfano inafunga asilimia 10 na kuokoa asilimia 93, mara nyingi ni dalili kwamba upepo unaisukuma, na upepo hugeuka. Timu ya Colorado Avalanche ilimaliza msimu wa 2013-14 na pointi 112, ikaongoza kundi lake, ilhali ilikuwa ikipigiwa mikwaju zaidi ya ile iliyoipiga. Wapenda hesabu wakasema subirini. Ikatolewa katika raundi ya kwanza na Minnesota, na msimu uliofuata ikapata pointi 90 na kushika mkia katika kundi lake. Kinyume chake ni Los Angeles Kings wa 2012. Walikuwa wa pili kutoka mwisho katika ligi nzima kwa mabao ya kufunga, wakaingia mitoano wakiwa nafasi ya nane upande wa magharibi. Hata hivyo mikwaju ilikuwa yao, na wakati wote walikuwa wakicheza nyumbani kwa wengine. Walilichukua Kombe la Stanley mwaka huo, wakalichukua tena mwaka 2014.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, mimi naona methali hii haitoshi. Kuna chema kisichojiuza kwa sababu hakina mdomo. Mlinzi anayemwahi mshambulizi kabla hajapiga mkwaju amezuia bao, lakini bao hilo halikuonekana, na lisiloonekana halipigiwi makofi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi ya takwimu nzuri ni kumpa haki yake yule ambaye makofi yamempita.

Najua kuna watakaonipinga. Nahodha wetu amekwisha kunipinga bwenini, tena kwa sauti kubwa. "We dada, mchezo ni moyo! Utauhesabu moyo na kalkuleta?" Namjibu kwamba moyo ni kitu kikubwa, lakini moyo pia huacha nyayo. Mwenye moyo wa kurudi mbio kulinda atazuia mikwaju, na mikwaju iliyozuiwa inahesabika. Na je, hao wanaosema wanaona moyo kwa macho, wanauona kwa wote sawasawa? Au wanauona zaidi kwa yule anayepiga kelele na kuanguka anguka kwenye matope? Jicho nalo hupendelea. Hukumbuka bao la dakika ya mwisho na kusahau dakika 59 zilizotangulia.

Hata hivyo sitaki mniondoe hapa mkidhani hesabu ni Msahafu. Mwalimu wetu alikuwa na haki, na maswali yake ndiyo yaliyowashughulisha wataalamu wenyewe. Ulicheza na nani? Anayecheza zamu moja na manyota atang'aa kwa mwanga wa kuazima. Ulicheza dhidi ya nani? Kocha akikutuma kila mara ukamkabe mpinzani mkali kuliko wote, asilimia yako itashuka ilhali kazi yako ni kubwa. Ulianzia wapi? Anayeanza zamu karibu na lango la wapinzani si sawa na anayeanzia langoni mwake. Matokeo yalikuwaje wakati huo? Timu inayoongoza hurudi nyuma kulinda, na inayofuata hupiga mikwaju ovyo ovyo. Sisi wanafunzi tunalielewa hili. Alama 80 katika karatasi rahisi si sawa na alama 65 katika karatasi iliyowatoa jasho wote. Ndiyo sababu wataalamu huilinganisha hesabu ya mchezaji na ya wenzake akiwapo na asipokuwapo, na hupendelea kuilinganisha wakati matokeo ni sare.

Fauka ya hayo, mikwaju yote si sawa. Ule wa mbali, pembeni, kipa akiwa ameona kila kitu, si sawa na ule wa karibu baada ya kipa kutema. Kwa hivyo kikaja kipimo cha mabao tarajiwa, ambacho humpa kila mkwaju thamani kulingana na umbali, pembe na namna ulivyopigwa. Tangu 2021 NHL hutumia vifaa vya kufuatilia mwendo wa kisahani na wa kila mchezaji katika ligi nzima. Na pamoja na mashine zote hizo, mambo hubakia kuwashangaza. Washington Capitals walitwaa kombe lao la kwanza mwaka 2018 baada ya msimu ambao wapinzani walikuwa wakipiga mikwaju mingi kuliko wao. Dominik Hasek, kipa wa Buffalo, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1997 na 1998 kwa sababu aliizuia mikwaju ambayo timu yake iliiruhusu ipigwe kwa wingi. Mbele ya kipa kama huyo hesabu ya mikwaju peke yake ingekudanganya. Aidha, kuna vitu, kama vile kumgonga mpinzani kwa bega, ambavyo huhesabiwa kwa wingi katika uwanja mmoja na kwa uchache katika mwingine, kwa kuwa mwandishi wa kila uwanja ana jicho lake.

Na hapo najitazama mimi mwenyewe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ukuta ni rafiki yangu. Je, sikuona mkwaju pale ambapo hapakuwa na mkwaju, yeye akiwa benchi? Siwezi kuapa. Tena mechi nne ni chache, kama ile sarafu niliyoitaja. Nilipolipitia tena daftari niligundua kwamba katika mechi mbili Ukuta alicheza muda wake mwingi wakati wapinzani walikuwa wametuongoza na hawakuwa na haja ya kushambulia. Hilo linapunguza tofauti yangu ya 11 na 26, japo sidhani kwamba linaifuta. Sikufurahi kuligundua, lakini nimeliandika hapa, maana mwenye kudai hesabu ya haki lazima akubali kuhesabiwa.

Maoni yangu basi ni haya. Kosa lililofanyika kwetu si kwamba Ukuta aliachwa. Huenda msichana yule wa kidato cha pili alistahili. Kosa ni kwamba aliachwa kwa sababu ya kitu kimoja tu kilichoandikwa, nacho ni mabao, na hakuna aliyekuwa na kingine cha kuweka mezani isipokuwa daftari langu lenye matundu. Ukitaka kuhukumu vyema, andika vyema. Ninapendekeza kila mechi ya shule yetu iandikwe na watu wawili, mmoja awe hana rafiki katika timu. Waandike mikwaju yote, waliokuwa uwanjani, mchezo ulipoanzia na matokeo yalivyokuwa dakika hiyo. Waandike msimu mzima. Gharama yake ni madaftari mawili na penseli. Mwishowe uamuzi ubaki wa mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua nani ana malaria na nani amepokea habari mbaya kutoka nyumbani, mambo ambayo hayamo daftarini. Lakini aamue akiwa na macho mawili, la kutazama na la kuhesabu. Mwenye chongo huona njia, ila hukosa shimo la upande wa pili.

Wiki ya pili ya muhula huu mwalimu wa michezo aliniita ofisini, akanirudishia daftari langu. Nilipolifungua nilikuta amechora safu mpya kwa rula na wino mwekundu: "Pamoja na", "Dhidi ya", "Alianzia", "Matokeo". Hakusema kitu kingine. Jioni hiyo Ukuta alikuja mazoezini, kwa mara ya kwanza tangu arudishe jezi. Kama atachaguliwa mwaka ujao sijui, naye hajui. Ila safari hii, akiachwa, ataambiwa kwa nini.

Kalamu yangu naiweka chini. Atakayependa kuwa mwandishi wa pili wa mechi anione bwenini. Sharti ni moja tu: asiwe rafiki wa Ukuta.